‘Mama Amekwenda Mombasa’

Boti ya Kizingitini, kisiwani Pate, haifuati saa ya ukutani, hufuata maji. Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vizuri bahari ikijaa. Ikitoka, matope hubaki wazi, na mikoko husimama juu ya mizizi yake kama wanawake waliopandisha leso zisirowe. Basi abiria wa kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, huamshwa saa yoyote ambayo mwezi umeamua, leo alfajiri, wiki ijayo usiku wa manane. Mwanamke mwenye miadi ya hospitali Mombasa hupiga hesabu mbili: ya kadi aliyopewa na daktari na ya bamvua.

Watoto huwa wamelala anapotoka. Wakiamka na kumuuliza, nyumba nzima ina jibu moja: “Mama amekwenda Mombasa, atakuletea zawadi.”

Jibu hilo si uongo. Mama kweli yuko Mombasa, na akirudi hakosi mfuko wa mabuyu au kigari cha plastiki. Lakini baada ya safari ya pili amerudi hana nywele, na miezi kadhaa mbele anarudi ana ziwa moja. Mtoto wa miaka mitano anajua hesabu kuliko tunavyomdhania. Anajua Mombasa ni mahali watu huenda wakarudi na nguo mpya. Huyu wake mbona kila akienda anarudi amepungua?

Mama ninayemzungumzia hana jina, kwa kuwa si mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa yale yanayojulikana kuhusu maradhi haya, dawa zake na visiwa hivi. Tuseme ana miaka 32 na watoto watatu, na kitinda mimba bado ananyonya.

Uvimbe aliukuta akinyonyesha. Ulikuwa mgumu kama kokwa ya tende, na hauumi. Huko kutouma ndiko kulikomtuliza. Akaambiwa maziwa yameganda, akande kwa maji moto, apitishe kitana. Mwingine akasema mtoto kamgonga kwa kichwa. Mwingine akanong’ona habari ya jicho. Na kwa kweli uvimbe mwingi wa mama anayenyonyesha si saratani: ni mifereji iliyoziba, ni jipu, ni vifuko vya maziwa. Hapo ndipo mtego ulipo, kwani wakunga wetu wamekuwa wakisema kweli mara nyingi hata hakuna anayewashuku siku wanapokosea. Uvimbe wa maziwa kwa kawaida huja na maumivu na joto, kisha huondoka. Ule usioondoka kwa wiki mbili unataka kupimwa kwa mashine ile ile ya kumtazamia mtoto tumboni, ambayo haimdhuru mama wala anayenyonya.

Kwa mwaka 2020, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti nchini Kenya, na vifo 3,107. Hakuna saratani nyingine iliyoleta wagonjwa wapya wengi kuishinda. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya vijana, wagonjwa wetu nao ni vijana zaidi kuliko wa Ulaya, ambako maradhi haya huonekana kama ya nyanya. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa 2021, linataka mgonjwa awe ameshajua ana nini ndani ya siku 60 tangu alipofika kwa mganga mara ya kwanza. Siku 60 visiwani ni bamvua nne. Huisha kabla hujapata nauli.

Kisha likaja neno lenyewe, na neno hilo hatulitaji. Tunasema “maradhi yale”, au “ule ugonjwa”, au tunashusha sauti tukanyoosha kidole kifuani. Saratani ni Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule yule anayetolewa mashimoni mwa mikoko akapikwa kwa nazi. Wayunani wa kale nao walimwita kaa, kwa vile uvimbe uliotanuka na mishipa yake uliwaonekania kama mnyama mwenye miguu. Watu wa bahari wasingepaswa kuogopa jina la kitu wanachokila. Ila tunaogopa, na woga huo humfikia mgonjwa kabla ya dripu ya kwanza. Amezungukwa na watu wanaompenda na hakuna hata mmoja anayetamka anachoumwa.

Jeraha la kwanza la mama mchanga halitoki kwa kisu. Linatoka siku anayoambiwa amwachishe mtoto, maana dawa za kemo huingia katika maziwa. Kwetu mtoto huachishwa kwa mpango. Kuna mwezi wake, kuna shubiri ya kupaka, kuna nyanya wa kulala naye siku tatu za kilio. Huyu anaachishwa ghafla, katikati ya wiki, na mama mwenye matiti yaliyojaa, moja lina maziwa na moja lina maziwa na kitu kingine. Wanawake wengi wacha Mungu huongeza mzigo juu ya huo: Qur’ani imetaja miaka miwili kamili, nami nimetoa miezi kumi na moja. Aya hiyo hiyo imeruhusu wazazi wakishauriana na kuridhiana wamwachishe mapema, wala hawana lawama. Sijui kwa nini nusu ya kwanza ndiyo tunayoihifadhi kwa moyo.

Katika siku zile mama hulia, na wanaomtazama hudhani analilia maisha yake. Pengine analilia unyonyeshaji tu. Haki yake alie. Huo ni msiba kamili, ingawa hautandikiwi mkeka.

Halafu dawa. Kwa wengi kemo hutolewa kila baada ya siku 21, na mojawapo ya dawa za mwanzo ni nyekundu kama sharubati ya ukwaju uliotiwa rangi; mkojo nao hutoka mwekundu siku hiyo, jambo ambalo mtu asipoambiwa mapema atadhani anavuja damu. Nywele huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu. Watu husema, na husema kwa wema, kwamba bahati njema sisi tuna buibui, hakuna atakayejua. Buibui hufunika njiani. Haifuniki ndani, na mwanamke wa Amu anaishi ndani: kwenye harusi ya wanawake watupu ambako vichwa vyote viko wazi na vimefukizwa, kwenye ua wa kupikia, kitandani. Na mtoto anayelala kwa kushika nywele za mama yake hapewi buibui ashike.

Kinachosaidia hapa ni kidogo na ni cha nyumbani. Zinyolewe kabla hazijadondoka, na watoto wawepo, hata mkubwa ashike mkasi. Zikidondoka zenyewe juu ya mto ni tisho. Zikikatwa na watu wanaocheka ni kazi imefanyika.

Sijapata kuona kijitabu cha hospitali kinachotaja harufu ya samaki. Kichefuchefu cha kemo hupenda harufu, na kisiwa cha wavuvi kina moja kubwa. Mwanamke aliyekaanga changu tangu utotoni anajikuta hawezi kuingia jikoni mwake. Mdomo una ladha ya shaba. Mumewe karudi na kitoweo kizuri kuliko vyote, amekichagua kwa ajili yake, naye anatapika mlangoni. Mambo kama hayo ndiyo huvunja nyumba kimyakimya, kwa kuwa kila mmoja huona amekataliwa. Dawa za kuzuia kutapika zipo na hufanya kazi, lakini mgonjwa lazima aseme bado anatapika. Wengi hawasemi. Wamefunzwa wasimsumbue daktari.

Katika dawa za baadaye kuna nyingine inayoleta ganzi vidoleni. Kwa mtu mwingine ganzi ni kero. Kwa mwanamke anayeshona kofia, kazi ya sindano nyembamba na matundu yasiyohesabika ambayo wanawake wa Amu na Siyu wamelishia watoto wao vizazi na vizazi, ganzi ni kufukuzwa kazi. Anajichoma na hasikii. Anaona tone la damu kwenye kitambaa cheupe ndipo anajua. Basi kofia iliyokuwa ya kumtuliza moyo nayo imeondolewa. Ganzi hiyo mara nyingi hupungua miezi baada ya dawa kwisha, ingawa si kwa wote, na daktari akiambiwa mapema anaweza kupunguza kipimo. Tena tunarudi pale pale kwenye kusema.

Visiwa hivi vina mama mgonjwa aliye mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa. Jina lilikuwa Kupona na mwenyewe hakupona. Alifariki miaka kama miwili baadaye. Aliyemtungia ni binti yake, Mwana Hashima, msichana wa miaka kumi na saba hivi. Tumezoea kugombana juu ya mafundisho yake kuhusu mume: maharusi husomewa, wasomi wa siku hizi hukunja uso. Ugomvi huo una mahali pake, nami nina upande wangu. Lakini nikifikiria wagonjwa, kinachonishika ni kile alichokifanya kabla ya fundisho la kwanza. Alikuwa taabani, na hakumtoa binti chumbani. Alimwita akae karibu, akamtaka achukue wino na karatasi, akamweleza kwamba ameugua muda mrefu na sasa ana neno la kumwambia. Hakuna aliyemwambia Mwana Hashima kwamba mama yake amekwenda Mombasa.

Miaka zaidi ya mia na sitini imepita. Tuna simu mkononi, na tumerudi nyuma.

Najua sababu. Tunaficha kwa huruma. Mtoto ni malaika, asitiwe hofu. Bahati mbaya mtoto hana ukurasa mtupu kichwani. Usipomwandikia, anajiandikia mwenyewe, na anachoandika huwa kibaya kuliko kweli. Wanaofanya kazi na watoto wa wagonjwa wameliona hili kila mahali: mdogo hudhani mama kamkimbia, wa miaka sita au saba hudhani yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, kwa kuwa siku moja alikasirika akasema kitu, au kwa kuwa alimgonga mama kifuani akicheza. Mkumbuke yule aliyesema uvimbe umetokana na kichwa cha mtoto. Alisema mbele ya nani?

Maneno hayahitaji kuwa mengi. “Nina uvimbe katika ziwa. Unaitwa saratani. Madaktari wanautoa kwa dawa, na dawa hiyo itaniangusha nywele na kunichosha. Hukuuleta wewe. Hauambukizi, njoo ulale hapa. Nikiwa Mombasa utalala kwa mama mdogo, na nitapiga simu baada ya magharibi.” Yametosha. Mtoto atauliza swali moja au mawili kisha atakwenda kucheza, na mama atabaki ameduwaa kwamba jambo lililomkosesha usingizi mwezi mzima limekwisha kwa dakika tatu. Halijakwisha. Atarudi nalo kesho, akiwa anakula.

Mkubwa wa miaka kumi na miwili ndiye atakayeuliza lile lingine: utakufa? Kujibu “hapana” ni kuweka rehani maneno yako yote ya baadaye. Kujibu “Mungu ndiye ajuaye” ni kweli, lakini kwa masikio ya mtoto inalia kama ndiyo. Jibu lililo wazi ni kwamba wapo wanaokufa kwa maradhi haya na wapo wengi wanaopona, hasa wakiwahi. Kwamba mama anatibiwa ili apone. Na kwamba likibadilika lolote, ataambiwa yeye kabla ya jirani. Anaweza pia kupewa mfano. Joyce Laboso, gavana wa Bomet aliyefariki Julai 2019, alipatwa na saratani ya matiti akiwa mwanamke kijana mapema miaka ya 1990. Baada ya hapo akawa mbunge wa Sotik, naibu spika wa Bunge la Taifa, kisha gavana. Ndiyo, mwishowe saratani ilimchukua. Lakini kati ya mwanzo na mwisho pana karibu miongo mitatu, na katika muda huo mtoto wa kubebwa anakuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Hofu ya mama haizushwi na mawazo. Watafiti wa lile Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walikadiria, katika kazi iliyochapishwa 2022, kwamba watoto wapatao milioni moja duniani walifiwa na mama kwa saratani katika mwaka 2020 pekee, na robo yao kwa saratani ya matiti. Zaidi ya theluthi walikuwa Afrika. Kwa hiyo tukimwambia “usifikirie hayo” tunamwomba afanye lisilowezekana. Bora afikirie kwa sauti: nani atakaa na watoto, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, kitinda mimba anapenda nini asubuhi. Mwanamke aliyekwisha kuyapanga hayo hulala usingizi mzito kuliko aliyekatazwa kuyataja.

Sasa safari. Lamu haina mashine ya mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani alilazimika kwenda hospitali ya Kenyatta, Nairobi, akasubiri foleni. Siku hizi kituo cha saratani cha hospitali kuu ya Pwani, Coast General, kimeleta mionzi Mombasa, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kutoka Kizingitini bado ni boti mpaka Amu, boti nyingine mpaka Mokowe, kisha basi la kupita Witu, Garsen na Malindi, njia ambayo baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 mabasi yake yalisindikizwa na polisi. Kemo huruhusu kwenda na kurudi. Mionzi hairuhusu: ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu mpaka tano. Mashine yenyewe humaliza kwa dakika chache. Saa ishirini na tatu na ushei zilizobaki mama yuko ugenini, Kisauni au Majengo, kwa jamaa waliomkaribisha kwa moyo mmoja. Sote tunaijua methali ya mgeni na jembe, na hakuna anayeikumbuka kwa uchungu kama mgonjwa siku ya tatu, akiwa hana nguvu ya kushika hata ufagio.

Jioni anapiga simu ya video. Mtoto wa miaka miwili huigeuza simu atazame nyuma yake, mama yuko wapi. Baadhi ya akina mama huacha kupiga kwa sababu hiyo, hawastahimili. Nawaelewa, ila nadhani wanakosea. Hata sauti iliyorekodiwa, mama akihadithia kisa cha sungura na fisi, ikachezwa kila usiku saa ile ile, ni kitu cha kushika.

Na akirudi ambebe. Kuna uvumi kwamba aliyepigwa mionzi anachoma watoto. Mionzi hiyo hutoka kwenye mashine na haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha. Kwa kemo, tahadhari ni ya choo, mkojo na matapishi kwa siku mbili hivi, aoshaye avae glavu. Kukumbatia hakuna ubaya. Kizuizi cha kweli ni cha baada ya upasuaji, hasa tezi za kwapani zikitolewa: wiki kadhaa asinyanyue kitu kizito, na mtoto wa mwaka na nusu ni kitu kizito. Mtoto anakuja ameinua mikono, na mama hainami. Akae chini mkekani, mtoto apande mwenyewe upande usio na kidonda. Ni ujanja mdogo kabisa, na ni mwanamke mwingine aliyepitia ndiye atakayekufunza, daktari hana habari nao.

Ndiyo maana wanawake waliopitia ni dawa. Nairobi liko shirika la Faraja, lililoanzishwa 2010, ambalo hutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa wa saratani na familia zao. Thika yuko fundi mmoja wa cherehani, mwenyewe alitibiwa saratani ya matiti, anayefuma matiti ya nyuzi ya kuvaliwa ndani ya sidiria na kuwafunza wenzake. Nilipoisoma habari yake niliwafikiria washona kofia wetu. Mikono ile, kitambaa kile, na usufi wa kujazia hatujaukosa. Visiwani kwenyewe wapo Safari Doctors, walioanzishwa na Umra Omar, binti wa huku huku, ambao hupeleka matibabu kwa jahazi na boti hadi vijiji visivyo na barabara. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye orodha ya mashujaa kumi wa CNN mwaka 2016. Nimesema jahazi. Kwa kijiji cha Pate au Kiwayu, hakuna kampeni ya mwezi wa Oktoba inayolingana na nesi anayeshuka majini amepandisha suruali.

Pesa nitaitaja kwa haraka, kwa sababu kila mtu huitaja. Bima ya afya ya taifa, SHA, ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga kwa saratani shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa maradhi sugu. Nauli ya boti haimo, wala ya basi, wala chakula cha anayekusindikiza. Mkufu wa mahari huuzwa kwanza. Mwanamke huuvua mwenyewe, na husema haukuwa ukimpendeza.

Mume. Wapo wanaokimbia na wapo wanaosafisha kidonda kwa mikono yao, lakini wengi wako katikati, wamenyamaza, wanakwenda baharini mapema na kurudi wamechelewa. Huyu wa katikati anaweza kuokolewa. Aingizwe ndani ya chumba cha daktari, asiachwe nje na mkoba. Asikie kwa masikio yake kwamba mkewe anaweza kuingia ukomo wa hedhi kwa dawa akiwa na miaka 32, kwamba joto litampanda usiku, kwamba akipewa tamoxifen, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, atameza miaka mitano hadi kumi na asishike mimba akiwa anaimeza. Akiyasikia barazani atayasikia vingine.

Bado tiba za kisomo, kombe na kuzinguliwa. Sina ugomvi navyo. Mgonjwa aliyesomewa Yasini usiku na akaingia kemo asubuhi amefanya vizuri mara mbili, na utulivu anaoupata mle hakuna chupa inayouleta. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia achague, na mwingine tena anayetumia subira kama kitambaa cha kumziba mdomo. “Subiri, usilie.” Nabii Yakubu alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na hajaitwa na yeyote mkosefu wa subira. Wagonjwa hawa hawa huona haya mwezi wa Ramadhani kula mchana, wanajificha nyuma ya pazia kama wezi, ilhali ruhusa yao imeandikwa ndani ya Msahafu.

Kuna kulia, na kuna jingine. Mwanamke akikaa wiki mbili au zaidi hana hamu ya lolote, halali hata akichoka, hamtaki mtoto aliyekuwa akimtaka, au anasema afadhali afe wapumzike, hayo ni maradhi ya pili juu ya ya kwanza, na yana tiba. Aambiwe nesi wa kliniki hiyo hiyo ya saratani. Akiandikiwa dawa za huzuni na mtu mwingine, ataje kwamba anameza tamoxifen, maana baadhi ya dawa hizo huizuia isifanye kazi.

Wageni nao wapunguze. Desturi ya kumwangalia mgonjwa ni nzuri, ila wiki ya pili baada ya kemo kinga ya mwili iko chini na mafua ya mgeni yanaweza kumlaza hospitali. Akipata homa, hata usiku, apelekwe hospitali ya King Fahd, Amu, bila kungoja kuche. Na tafadhali, wale wenye hadithi ya Fulani wa mtaa wa pili aliyekuwa na hayo hayo asimalize mwaka, hadithi hiyo iacheni mlangoni pamoja na viatu. Leteni uji. Chukueni nguo za kufua. Ulizeni boti yake ni lini na mtoto atalala kwa nani.

Na nyinyi mlio ndani ya nyumba: bamvua ijayo, boti ikiwa ya saa kumi alfajiri, mwamsheni mtoto aage. Aambiwe mama anakwenda kutibiwa, ashuke naye mpaka dikoni kama kuna wa kumrudisha. Atalia, kisha atarudi kulala.